Siku Niliyodeki Ngazi

Harufu ya sabuni ya unga ikikutana na hewa ya baridi hunirudisha kwenye upumbavu wangu mkubwa kuliko wote, na si kwamba sina mwingine wa kuchagua. Nilikuwa na miaka tisa. Asubuhi baada ya dhoruba ya theluji, nilijaza ndoo maji moto, nikatia sabuni, nikadeki ngazi za nje ya nyumba yetu mtaani Frogtown, Saint Paul, jimbo la Minnesota. Wewe uliyezoea baridi ya huku, cheka tu, ruhusa unayo. Sisi tulikuwa na miezi minne tangu tutoke Nakuru, na kwa nyanya yangu sheria ilikuwa moja: mtu akirudi kutoka mahali pagumu, akute mlangoni pamedekiwa. Habari ya barafu Nyanya hakuigusia.

Aliyekuwa akirudi ni Mama. Jumatano mchana alikuwa ameenda zamu moja tu kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Champlin, akaniacha na jirani wa ghorofa ya juu, Mama Esperanse, Mkongo wa Bukavu ambaye sauti yake ingeweza kuamua ugomvi wa barabara ya pili. Mwanzoni dhoruba ile ilikuwa sikukuu yangu. Theluji haikuanguka, ilirushwa kwa ubavu kama unga uliopulizwa kutoka kwenye kinu. Magari yakageuka vichuguu, mbwa wa jirani akabaki masikio, na shule zikafungwa. Nilibandika pua kwenye kioo cha dirisha hadi ikafa ganzi, nikipiga kelele za furaha kila tawi lilipovunjika.

Kisha Mama akapiga simu. "Mami, wa kunipokea zamu hawajafika, barabara zimefungwa. Wazee hawa siwezi kuwaacha peke yao. Kaa na Mama Esperanse, kula, usilie." Nikajibu sawa, na kabla simu haijakatika nikawa nimeshalia. Siku ya pili simu yake haikupokelewa kabisa. Upepo ulipiga mluzi kwenye nyufa za madirisha, na ile theluji niliyoishangilia nikaanza kuitazama kama mtu aliyemla mama yangu halafu akajipangusa mdomo. Mama Esperanse alinisogezea sahani ya ugali na sombe, kisamvu cha kwao. "Kula, mutoto. Mama yako hajapotea, iko ku kazi." Nilikula. Hofu haijawahi kuninyima hamu ya chakula, mwili wangu ni shahidi.

Siku ya tatu jua likatoka, kali kwa macho na bure kwa joto, na simu ikalia: magari ya kukwangua theluji yamepita, Mama yuko njiani na mwenzake wa kazini. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile. Niliruka juu ya kiti, nikamkumbatia Mama Esperanse tumboni, nikakumbuka sheria ya Nyanya. Mama Esperanse alikuwa ameshazoa theluji kwa sepetu asubuhi ile, akairundika kando ya ngazi, hivyo kwangu ilibaki kudeki tu. Niliinama nikasugua kwa tambara kutoka juu hadi chini, ngazi zote sita, mvuke ukipanda kwa fahari kama wa sufuria ya pilau. Nikazunguka kwa mlango wa nyuma kurudisha ndoo. Nilipotokea mlango wa mbele kujipongeza, tambara nililolisahau lilikuwa gumu kama ubao na ngazi zinang'aa kama kioo. Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Minnesota yanazoleka, ila kwa shoka.

Hapohapo gari likasimama. Mama akashuka, mkoba begani, sare ya kazi ikichungulia chini ya koti. "Mama, usipande!" nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote, mikono juu. Yeye akaona mtoto aliyejawa na furaha ya kumwona. Akafungua mikono, akaharakisha. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha nikaona soli za viatu vyake juu hewani. Akatoweka ndani ya lile rundo la theluji.

Nikajua nimemuua, tena kwa sabuni. Kisha sauti ikatoka kwenye theluji, tulivu kabisa: "Nani amedeki hapa?"

Mama Esperanse alicheka hadi akashika mlango. Mama naye akacheka, kofia ikiwa sikioni, kisha kicheko kikageuka kilio, kile cha mtu aliyekuwa akiwashika wengine mikono siku tatu bila kupata wa kumshika yeye. Niliteleza kwa makalio hadi alipokuwa, tukakaa ndani ya theluji, yeye analia, mimi nasema pole, pole, pole.

Goti lake lilipona baada ya wiki mbili. Mimi sijui. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: majira yale yote, redio ikitaja theluji tu, nilificha kiatu kimoja cha kazi cha Mama kwenye ndoo ya mchele ili asitoke. Siku moja alikwenda zamu na viatu vya kanisani, na theluji yenyewe haikuja. Leo mimi ni mtu mzima, kazi yangu naifanyia mezani kwangu, na sitoki nje bila sababu ya kueleweka. Sababu moja tu hunitoa. Dhoruba ya wiki iliyopita ilinikuta kwenye ngazi zilezile tangu alfajiri, nikimwaga chumvi ya kuyeyusha barafu, mfuko wa tatu, kila gari likipita nainua kichwa. Mama Esperanse, mvi tele lakini sauti ileile, akafungua dirisha la juu.

"Weye! Mama yako iko mu nyumba tangu jana, anakunywa chai. Hii chumvi yote, unangojea nani?"