Dakika Arobaini za Mshiriki wa Saba

Leo nimejianika mwenyewe kwenye grupu ninalolitafiti. Eish.

Mnajua PhD yangu inahusu wanafunzi wa kike wa Afrika Mashariki hapa Joburg, na jinsi wanavyofarijiana WhatsApp. Waliniruhusu niwemo. Sheria ni moja: nasoma, sichangii.

Asubuhi binti mmoja wa mtaa wa La Rochelle, hapa hapa Joburg, kaandika kwamba amefeli tena na hajui atamwambiaje mama yake.

Nikawa naangalia saa.

Kisha nikajiandikia kama kawaida, kwenye chati yangu mwenyewe ya WhatsApp: "Mshiriki wa 7 ameomba msaada. Dakika arobaini, hakuna aliyejibu."

Nikatuma. Kumbe nimetuma kwenye grupu!

Nikafuta mbio. Wapi! Binti alishasoma.

Akaniuliza, kwa upole kabisa: "Dada, kwa hiyo dakika zote hizo ulikuwepo?"

Nilikuwepo. Na chai mkononi.

Nikampigia. Tumeongea weee, mpaka chai ikapoa, na sikuandika hata neno.

Profesa wangu atasema nimeharibu data. Nyie mnasemaje?

Maana binti mwenyewe, kabla hajakata simu, aliniambia: "Haya dada, sasa andika: dakika ya hamsini, kuna aliyejibu."