Moyo ya Upande ya Kuume

Unataka kucheka? Cheka sasa, juu kisha nitakupa kifua yangu usikilize, na utanyamaza weye mwenyewe.

Masomo sina. Nilianza na kuuza mikate ku gare ya treni ya Tenke, mupaka nikakuwa na camion yangu ya kubeba mizigo na nyumba ya matofali Kolwezi. Mutu kama mi atatunga hadisi ya nini?

Ilikuwa wakati ya Zaïre, kila mutu aliitwa Citoyen. Tumbo ikaniuma ku kushoto, mupaka bakanibeba lopitali. Kwetu, ukiingia mu salle ya bagonjwa, unasalimia kila kitanda. Mi, hata na maumivu, nikasalimia na ile ya pembeni yenye haikuwa na mutu: «Jambo, tata!», kama vile unasalimia baba. Bantu bakacheka.

Munganga akanigusa, akakunja uso. «Citoyen, appendice, ule utumbo mudogo, inakaa ku kuume. Yako inauma kushoto. Tungoje mupaka kesho.»

«Citoyen Docteur, kesho utakuta maiti!»

Akaenda. Muke yangu naye akatoka kupika bukari, ugali yetu, mu lupango, kiwanja ya lopitali. Jua ilikuwa kali. Nikageuza kichwa: ku ile kitanda tata moja amekaa, bandaji ku tumbo, upande ya kuume.

«Ulinisalimia, ndugu,» akasema. «Mi balinipasula ku kuume. Appendice haikukuwa pale.»

Akakamata mukono yangu, akaiweka ku kifua yangu, ku kuume. Moyo ilikuwa inapiga pale! Kisha akaiweka ku kifua yake. Kushoto, kimya. Kuume, kimya. Niamini.

Nikapiga kelele: «Docteur! Sikiliza huku!»

Infirmier, musaidizi ya munganga, akacheka: «Eh, Tata Camion, sasa weye njo umekuwa munganga?»

«Sikiliza, ama nitakufia mu mikono yako!»

Munganga akaweka chombo yake ya kusikiliza moyo ku kuume. Palepale bakanipasula, ku kushoto, na appendice ilibakia kidogo ipasuke. Kisha akaniambia bitu byote bya ndani yangu bimegeuka, kama mu kioo. «Niliona mutu moja tu kama weye.»

«Ule wa kitanda ya pembeni?»

Infirmier akafanya alama ya musalaba.

Leo bamoja banasema mi mulozi, muchawi, juu moyo yangu haiko upande yenye ya bantu bengine iko. Baseme! Bale balingoja kesho beko wapi? Mi niko hapa. Ila mukono yangu, ile ule tata alikamata, iko baridi mupaka leo, hata mu jua ya Kolwezi.

Na weye, siku utaingia lopitali, ukiona kitanda haina mutu, usipite kimya. Salimia.