Kijiti Kwenye Unyayo wa Mwisho

Nakumbuka asubuhi moja nyuma ya zizi la mbuzi la Mzee Sefu, mjomba wangu Kombo alipotamka, mbele ya kijiji kizima, neno ambalo sikuwahi kulisikia kwa mwalimu yeyote tangu darasa la kwanza hadi chuo kikuu. Nitakuambia neno lenyewe, mwanangu. Ila kwanza nikueleze nilifikaje pale, maana mimi sikuwa mtu wa kusimama nyuma ya mazizi ya mbuzi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Nilikuwa nasoma chuo kikuu huko Uganda na nilirudi nyumbani kwa likizo ndefu. Kijiji chetu kilikuwa bara kidogo kutoka Moa, kule pwani ya Tanga, ukishika njia ya Maramba, pale minazi inapopungua na vichaka kuchukua nafasi yake. Wewe unanijua nikiwa mzee mpole. Wakati ule nilikuwa mbishi. Mama akisema mvua itanyesha, namuuliza amejuaje. Shehe akimaliza mawaidha, mimi nina swali. Nyumbani walinipenda, lakini nadhani walikuwa wakizihesabu siku za likizo yangu.

Mjomba Kombo, kaka yake mama, alikuwa mwindaji. Nguruwe pori wakiingia kwenye mihogo ya mtu, huitwa yeye kufuata nyayo. Ng'ombe akipotea, huitwa yeye. Watu walisema akitazama alama moja tu kwenye mchanga anakuambia mnyama ni dume au jike, ana njaa au ameshiba, anakwenda wapi na kwa nini. Mimi niliona nusu ya hayo ni majigambo, na sikumficha.

"Mjomba, unakisia," nilimwambia siku moja barazani. "Unakisia, halafu mnyama akipatikana watu wanasahau mara zote ulizokosea."

Nilitegemea anifukuze. Alicheka mpaka akaweka chini kikombe chake cha kahawa.

"Basi twende porini, wewe uwe unazihesabu hizo mara," akasema. "Mimi nimechoka kufuatana na watu wanaoitikia kila ninalosema. Wale hawanisaidii kitu."

Ndivyo nilivyoanza kujifunza. Alinianzishia uani, juu ya mchanga uliofagiliwa. Kila alfajiri baada ya sala alinitaka nimweleze nani kapita usiku: kuku, paka, mbwa wa jirani. Nikisema mbwa, ananiuliza nimejuaje kuwa si paka. Ikanichukua siku kadhaa kuona kwamba mbwa huacha alama za kucha, na paka hazionyeshi, kwa sababu akitembea huzikunja ndani. Nilifurahi kama mtoto aliyejua kusoma jina lake.

Porini alinifundisha nitembee pembeni ya nyayo, nisizikanyage, na nisimame mahali ambapo nyayo ziko kati yangu na jua, ili kivuli kidogo ndani ya kila alama kionekane. Macho yangu yalikuwa yakiganda chini. "Msomi," ananiambia, "unaisoma miguu yako au ya mnyama? Tazama mbele. Ya hapo chini yameshapita." Siku nyingine alinionyesha alama za paa na kusema ni jike. Nikauliza kwa nini. Akaelekeza kidole kwenye udongo ulioloa: mkojo ulianguka nyuma ya nyayo za miguu ya nyuma. Dume angekojoa katikati. Sikuwa na la kubisha, na bado nilijaribu.

Lakini jambo lililonivutia zaidi ya yote lilikuwa dogo. Kila alipofika mahali ambapo alama zinafifia, alichomeka kijiti ardhini, kando ya unyayo wa mwisho aliokuwa na uhakika nao. Ndipo anasonga mbele kutafuta. Asipopata, hakuendelea kutangatanga kwa kukisia. Alirudi kwenye kijiti, akaanza upya kutoka pale.

"Huoni uvivu kurudi?" nilimuuliza.

"Mtu asiyerudi ndiye anayetembea bure," akajibu, tukaendelea.

Sasa nikurudishe zizini. Mbuzi walikuwa wakipotea kijijini, mmoja baada ya mwingine, na kila alfajiri maneno yalikuwa yakizidi. Watu walikuwa wameshampata mwizi wao kabla ya ushahidi. Alikuwa Damiani, mtu wa kusini, aliyekuja kukata mkonge. Manamba, kama tulivyowaita wale waliokuja kwa mkataba. Mkataba ulipokwisha hakurudi kwao. Aliomba kipande cha ardhi ng'ambo ya zizi la Mzee Sefu, akajenga kibanda, akapanda mahindi. Mkewe alikuwa ametoka kujifungua. Damiani alikuwa Mkatoliki, mgeni, hana ukoo pale wa kumsemea. Jumbe, mkuu wa kijiji, alishatangaza: ikithibitika ni yeye, kibanda kitavunjwa siku hiyohiyo na familia itaondoka, mvua au jua.

Asubuhi hiyo mbuzi wa Mzee Sefu alikuwa ametoweka. Kando ya zizi palikuwa na alama za katambuga, vile viatu vya mpira wa gari, na pale kijijini katambuga zilivaliwa na mtu mmoja tu. Mita chache kutoka hapo ilianza alama ya kitu kilichoburutwa, ikielekea kijito.

Damiani alikuwa ameletwa, amesimama kati ya vijana wawili. Rozari ilikuwa shingoni mwake, na mkono wake ulikuwa ukiitafuta kila mara.

"Nilisikia mbuzi analia alfajiri," alisema. "Nikatoka kutazama. Nikafuata mpaka kijitoni, nikaogopa, nikarudi."

"Ukafuata nini?" jumbe akauliza.

"Sijui, Bwana. Kulikuwa na giza."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Kafuata mbuzi, mbuzi kamfuata yeye, wamefikishana jikoni!" Kicheko kikazidi. Mke wa Damiani alikuwa amesimama mlangoni kwake, ng'ambo ya pili, na kichanga kifuani. Alikuwa anatusikia vizuri.

Mjomba Kombo aliinama, akazitazama katambuga pale zizini. Watu walikuwa wamejaa, wanasukumana, wamekanyaga kila mahali. Jumbe alikuwa na haraka. Mjomba akainuka akasema, "Mguu huu ni wa Damiani. Alifika hapa." Kisha akaongeza: "Akaondoka na mbuzi."

"Imekwisha!" jumbe akasema, na vijana wakamshika Damiani mikono.

Mwanangu, sikuuliza kwa ushujaa. Niliuliza kwa mazoea, kama nilivyozoea kumuuliza mama kuhusu mvua. "Mjomba," nikasema, "kipi kilitangulia? Katambuga au alama ya kuburutwa?"

Mzee mmoja akaniambia, "Wee, nyamaza, mkubwa ameshasema." Mjomba Kombo hakumsikiliza. Alinitazama mimi, akatazama chini, akatazama tena zile katambuga. Kisha akasema, kwa sauti ambayo hata waliokuwa nyuma waliisikia:

"Sijui."

Hilo ndilo neno lenyewe.

"Nimesema nisilolijua," akaendelea. "Ninachokijua ni kwamba Damiani alifika hapa. Yaliyobaki nimeyaongeza mwenyewe. Mwachieni mikono. Nitaanza upya."

"Kombo!" jumbe akasema. "Umeshatoa jibu mbele ya watu."

"Nalirudisha mbele ya watu haohao."

Akachukua kijiti, akakichomeka kando ya unyayo wa katambuga pale zizini. Akawaambia watu wote wabaki nyuma yake. Akaanza kutembea pembeni ya ile alama, jua likiwa upande wa pili, akienda polepole. Mahali palipokuwa na mchanga laini akasimama, akaniita.

"Msomi, njoo. Unaona nini?"

Niliona alama ya kuburutwa, pana kiasi cha mbuzi. Na juu yake, katikati kabisa, katambuga. Mistari ya mpira ilikuwa imejichora wazi, haijaguswa.

"Mtu akiburuta mbuzi," mjomba akasema, akiwageukia watu, "mbuzi anakuwa wapi?"

"Nyuma yake," watu wakajibu.

"Basi mbuzi angezifuta nyayo zake. Hizi hazikufutwa. Aliyezikanyaga alipita baada ya mbuzi kuburutwa. Alikuwa anafuata, kama alivyosema."

Hakuna aliyecheka. Lakini mjomba hakutulia hapo, na hapa ndipo nilipompenda zaidi. Kijana mmoja alikuwa tayari ameanza kupiga makofi, mjomba akamzuia. "Bado sijui aliyeburuta ni nani," akasema. "Tuendelee."

Karibu na kijito katambuga zilisimama, zikazunguka, zikarudi zilikotoka. Alama ya kuburutwa iliingia kwenye mawe ikapotea. Mjomba akachomeka kijiti kingine, akazunguka upande wa juu, hakupata kitu. Akarudi kwenye kijiti. Akazunguka upande wa chini, akarudi tena. Watu walikuwa wameanza kunong'ona. Mara ya tatu akavuka maji, na pale kwenye tope la ukingo akapiga magoti.

Alama ilikuwa ya duara, kubwa kama kiganja changu. Vidole vinne, bila kucha.

Niliitambua kabla hajasema. Ilikuwa ile ya paka wa uani kwetu, ila imekua.

"Chui," nikasema.

"Umejuaje kuwa si fisi?" akaniuliza papo hapo, na naapa alikuwa anatabasamu.

Hatua chache mbele palikuwa na mkuyu mkubwa umeegemea maji. Gome lake lilikuwa na mikwaruzo mipya. Juu, kwenye panda ya tawi, alikuwa amening'inia mbuzi wa Mzee Sefu, au tuseme kile kilichobaki.

Damiani aliketi chini palepale kwenye tope, akaficha uso. Mjomba Kombo akamwendea, akachuchumaa mbele yake. "Nilikukosea kwa ulimi wangu," akamwambia. "Nisamehe." Mtu mzima mwenye sifa kuanzia Moa hadi Maramba, anamwomba radhi manamba mbele ya jumbe. Damiani alimshika mkono.

Mzee Sefu naye alitaka kufanya wema. Akakohoa, akasema, "Damiani, huyu mbuzi sisi hatumli, hakuchinjwa. Wewe mchukue tu, ukale na mkeo."

Damiani akainua uso, machozi bado yako shavuni. "Asante, Mzee. Lakini nikimla mbuzi huyu leo, kesho mtasema mlijua tu."

Hata jumbe alicheka. Mazizi yakazungushiwa miba mirefu wiki hiyo, chui akahama, na Damiani akavuna mahindi yake.

Jioni nilimuuliza mjomba kama hakuona aibu kulirudisha neno lake hadharani. Alikuwa ananoa kisu, hakuinua macho. "Nikienda porini nikakosea njia, narudi kwenye kijiti, na hakuna anayenicheka," akasema. "Sioni kwa nini kijijini iwe tofauti." Kisha akaongeza, "Na wewe usiache kuuliza. Ila ukishauliza, piga magoti utazame. Swali bila magoti ni kelele."

Nimeishi na maneno hayo tangu wakati ule, mwanangu. Nilimaliza masomo, nikafanya kazi za ofisini Tanga, nikakaa mtaa wa Raskazone kati ya watu wenye vyeo na majibu mengi. Nimewaona wengi waliokosea njia wakazidi kukaza mwendo, kwa sababu walishatamka jambo mbele za watu. Ni wachache mno niliowaona wakirudi kwenye kijiti.

Kwa hiyo nakuusia haya. Kabla hujamhukumu mtu, tenga unachokiona na unachokiongeza mwenyewe. Mahali unapokuwa na uhakika, weka alama, ili ukipotea ujue pa kurudi. Penda watu wanaokuuliza maswali, hata wakikuuliza wakati mbaya. Na siku utakapogundua umekosea, sema palepale, kwa sauti ileile uliyokosea nayo, maana huenda kuna mama amesimama mlangoni na kichanga anasubiri umalize sentensi yako.

Mwenyezi Mungu akupe macho yanayotazama mbele, magoti yasiyoona haya kugusa tope, na shingo nyepesi ya kugeuka. Na popote utakapopotea, akukutanishe na kijiti chako kikiwa bado kimesimama. Amin.