Nilichoandika Pembeni mwa Hadithi ya Mjane

Siku yangu ya kwanza ya ualimu, miezi michache baada ya uhuru, prefe wa masomo, yaani mkuu wa shule, alinikabidhi kitabu kimoja cha hadithi za Kiingereza na darasa la vijana thelathini na wanne. Walimu wengi wa Ulaya walikuwa wameondoka Kisangani, nami nilijua sarufi tu. Nikasoma hadithi kwa sauti, nikatafsiri maneno magumu, kengele ikalia. Padri mzee aliyesimamia somo la Kiingereza alikuwa amekaa nyuma akisikiliza.

"Umewapa maneno," akaniambia. "Bon, vizuri. Hadithi yenyewe utawapa lini?"

Alasiri ile akanikalisha ofisini mwake kunifundisha kazi. Neno linalokushtua, unalipigia mstari. Mhusika akifanya jambo usilolielewa, unaweka alama ya kuuliza. Mshale unaunganisha kurasa mbili zinazojibizana. Na kwenye pambizo, ile nafasi nyeupe pembeni mwa maandishi, unaandika unachodhani, kwa lugha unayowazia. Mimi niliandika kwa Kiswahili. Uchambuzi ulikuja baadaye: kila unalodai lazima uonyeshe sentensi inayolithibitisha. "Kama hauna sentensi, hauna kitu," alisema.

Mkaguzi wa shule akanihamishia Basoko, safari ya siku kadhaa kwa boti. Huko kitabu nilikuwa nacho mimi tu. Wanafunzi walinakili kutoka ubaoni, wakiacha pambizo pana kwenye daftari. Hadithi waliyoipenda ilikuwa ya mjane anayewaambia watu waliokuja kumtafuta mwanawe kwamba amesafiri, kumbe kijana yumo chumbani. Pembeni niliandika: "Huyu anadanganya." Nikafundisha hivyo hivyo, kwamba mjane ni mwongo na mwisho wake mbaya ni adhabu.

Nilikuwa nimesharudi Kisangani uasi ulipoingia mjini. Shule zikafungwa. Asubuhi moja waasi watatu walikuja kupekua nyumba yetu. Mmoja wao, aliyejua kusoma, akakifungua kitabu na kusoma maandishi yangu ya penseli: "Huyu anadanganya. Anaficha nani? Rudi ukurasa wa kumi na mbili."

Komanda wao akanitazama. "Unaandikia nani hizi habari?"

"Siandikii mutu, komanda. Iko kazi ya darasa."

"Basi fundisha. Tutaona kama iko darasa."

Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Nikaanza kusoma, nikitafsiri sentensi moja moja. Nilipofika kwa mjane na wageni wake, komanda akanyanyua mkono.

"Rudia hapo. Anaangalia wapi akisema?"

Nikatafuta. "Anaangalia chini, komanda."

"Donc, basi, hadanganyi. Anaogopa." Akaketi. "Mimi nimegonga milango mingi. Mutu wa kudanganya anakuangalia kwa macho, anataka kuona kama umesadiki. Huyu mama hana nguvu ya kuona kama umesadiki. Anangoja tu uende."

Sentensi ile nilikuwa nimeifundisha mara nyingi na sikuwahi kuipigia mstari. Nikamwambia ukweli: "Uko na haki. Mimi nilikosea."

Komanda alimtazama mke wangu pale mlangoni, naye mke wangu alikuwa akiangalia sakafu. Kisha akasimama. "Tuende. Huyu iko mwalimu." Kitabu akaondoka nacho.

Shule zilipofunguliwa tena, padri hakuwepo, na prefe mpya hakuwa na vitabu vya kunipa. Niliandika hadithi ya mjane ubaoni kwa kuikumbuka, kisha nikawaambia wanafunzi kwamba mwalimu wao alikuwa ameisoma vibaya. Mmoja akauliza nani alinisahihisha. Nikasema mtu aliyepita. Baadaye nilifundisha Yangambi, nikarudi tena mjini, na muda wote huo nilikagua daftari kwa kutafuta kwanza mahali mwanafunzi asipokubaliana nami.

Nilipostaafu, mwalimu kijana aliyepokea darasa langu aliniuliza nilijifunza wapi uchambuzi. Nikamsimulia habari za padri, kisha za komanda.

"Lakini papa," akasema, "yule alikuja kukuua."

Nikamwambia ndiyo, huenda alikuja kuniua. Na alisoma vizuri kuliko mimi.