Ncha ya Jani la Mgomba

Vilasini hakuanza kitabu kwa ukurasa wa kwanza hata siku moja. Alianza na wa mwisho. Alisimama katikati ya maktaba ya mtaa, kitabu mkononi, akausoma mwisho wote kwa utulivu, ndipo akaamua kama atakiazima au atakirudisha kwenye rafu. Watu wakimcheka, alisema haingii nyumba asiyoujua mlango wake wa nyuma. Hata macho yalipoanza kufifia hakuiacha tabia hiyo. Alimpa Lathika kitabu akamwambia, "Nianzie mwishoni, miwani nimeisahau nyumbani," na Lathika akasoma. Wiki iliyofuata miwani ikasahauliwa tena. Wiki ya tatu ilikuwa puani kwake, na bado akasema ameisahau.

Hapo ndipo Lathika alipojua.

Lathika alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwalimu wa chuo kule Palakkad, hana mume wala mtoto. Mama yake mzazi alikwisha kufariki, na Vilasini, mdogo wa marehemu, ndiye aliyebaki kuwa mama. Kila Jumamosi Lathika alipanda basi hadi kwake Ottapalam, wakatoka wawili. Kwanza maktaba. Kisha kibanda cha chai cha Chami, ambako walikula bagia za dengu zikiwa bado zinalia mafuta, na ndizi za kukaanga. Kisha mchangani kando ya mto Nila, Lathika akisoma kwa sauti, mama yake mdogo akimkatiza kila mara kuuliza mhusika huyu anakula nini, maana mwandishi asiyesema watu wake wanakula nini alimwona ni mvivu.

"Ni presha ya macho," alikiri siku ile ya miwani. "Daktari anasema lililokwenda halirudi. Mwanga wa dirisha nauona. Kitu kikipita mbele yangu nakiona, ila sijui kama ni ng'ombe au ni diwani." Akacheka peke yake. Kisha akaushika mkono wa Lathika. "Pramod asijue."

Pramod alikuwa mwanawe wa pekee, injinia katika jiji la mbali la Chennai, anakaa ghorofani. Baba yake alipofariki alikubali mama abaki Ottapalam kwa sharti moja: siku macho au miguu itakapomshinda, atahamia kwake na nyumba itauzwa. Vilasini alikubali haraka, kama mtu anavyokubali deni la mwaka usiofika.

Kuficha hakukuwa kazi kubwa. Ujana wake wote aliumaliza akiunganisha simu za watu pale posta, na mtu alimjua kwa kikohozi tu. Alijua hatua za kutoka jikoni hadi kisimani, alijua duka la viungo kwa harufu na duka la vitambaa kwa ubaridi wa feni yake. Chami mwenyewe hakuwa na habari.

"Chami, leo umebadilisha mafuta au umebadilisha mke?"

"Mafuta, dada. Mke sijabadilisha, sijapata mtu wa kunipokea huyu niliye naye."

Wiki tatu kabla ya Onam, sikukuu ya mavuno, Lathika alichelewa chuoni kusimamia mitihani. Vilasini akachoka kungoja, akatoka peke yake. Kati ya mtaa wake na maktaba imepita reli, na watu wa mtaa ule hawana subira ya kuzunguka hadi kwenye kivuko chenye kizuizi. Hupenya kwenye uzio uliotoboka, wakakata njia. Lathika alipofika kibandani alimkuta mama yake mdogo ameketi na gilasi ya chai, mguu mmoja una kiatu, mmoja hauna. Chami akamvuta Lathika kando.

"Nilimwona yuko relini, nikamkimbilia, nikamkamata sari kwa nyuma, nikavuta," alisema. "Kiatu kimekwenda na treni. Mwalimu, huyu hakuiona. Treni nzima, hakuiona."

"Nawasikia," Vilasini alisema kutoka kwenye benchi. "Msinifanyie matanga, bado nakunywa chai. Niliisikia. Nilidhani inapita reli ya upande wa pili."

"Mama mdogo."

"Apa, Lathika. Apa kwamba hutamwambia mwanangu."

Lathika akaapa. Tangu siku hiyo usingizi wake ukawa wa kuibia. Katikati ya wiki, akisahihisha kazi za wanafunzi, alisikia treni za Palakkad zikipita na kwa kila moja aliiweka kalamu chini mpaka ipite. Alimwomba mama yake mdogo akubali mtumishi. Akajibiwa kwamba mtumishi ni macho ya Pramod yaliyopewa mshahara. Aliomba angalau aahidi kutotoka peke yake. Vilasini akaahidi, kwa sauti ileile aliyomwahidi Pramod zamani.

Pramod alikuja siku mbili kabla ya sikukuu, peke yake. Mkewe na watoto walikwenda kwa wazazi wa mke. Hakuwa mtu mbaya. Alimletea mama sari ya pamba nzuri, na jambo la kwanza alilofanya ni kusimama mlangoni akamtazama akitembea. Kuna mtu alikuwa amempigia simu. Hakusema nani.

"Mama, hebu nisomee hapa, gazeti limeandika nini kuhusu mvua?"

"Mvua ikinyesha utalowa. Hilo halitaki gazeti."

Akaja na sindano na uzi, kifungo chake kimekatika. Lathika akanyoosha mkono akachukua kabla mama hajajibu. "Nipe mimi, kaka Pramod. Mama mdogo ana kazi jikoni." Pramod akampa, lakini akamtazama kitambo kirefu. Usiku Lathika alimsikia akitembea ukumbini, akihamisha kiti kutoka mahali pake, kisha, kama aliyejionea aibu, akikirudisha.

Asubuhi ya Onam waliamkia jikoni wanawake wawili. Vilasini alipika kwa pua na vidole. Alijua nazi imeiva kwa sauti ya kijiko kwenye sufuria. Tangawizi na ukwaju na sukari guru, mboga za mtindi, dengu, maboga na kunde, avial ya mboga mchanganyiko kwa nazi yenye majani ya mchuzi, na payasam, uji mtamu wa maziwa. Kila kitu kilipanda moto na kushuka kwa wakati wake, na Pramod alisimama pale, mikono kifuani, akangoja kosa lisilokuja. Kufikia saa sita uso wake ulikuwa umelegea. Alionja tangawizi kwa kidole akafumba macho kama mtoto.

"Basi kaeni," alisema. "Leo nawapakulia mimi. Mama, kaa. Umefanya kazi ya kutosha."

Vilasini akaketi juu ya mkeka, Lathika kuliani kwake. Hapa palikuwa salama kuliko pote. Karamu ya Onam haina haja ya macho: chumvi na achari kwenye kona ya kushoto juu, tangawizi inafuata, mboga moja baada ya moja kuelekea kulia, wali chini katikati, ndizi chini kushoto, papadi ya kukaanga kando yake. Aliyezaliwa Malabar anaweza kula gizani asikosee kidole. Na ncha ya jani la mgomba sharti ielekee mkono wa kushoto wa mlaji. Kwa hilo Vilasini hakuwa na mchezo. Kwenye harusi ya jirani aliwahi kumsimamisha mzee wa watu, mjomba wa bwana harusi, mpaka jani lake likageuzwa, na yule mzee hakumsalimu tena.

Pramod alikuwa amekaa Chennai miaka mingi, anakula kwenye sahani. Akalileta jani la mama yake, ameshalinyunyizia maji na kulifuta mwenyewe kwa huruma, akalitandika.

Ncha ikaangalia kulia.

Lathika aliiona kabla jani halijatulia sakafuni. Alifungua mdomo. Neno lilikuwa dogo, la mzaha tu: umegeuza jani, kaka, Chennai imekuharibu. Wangecheka, jani lingegeuzwa, na kesho yake Pramod angepanda treni yake arudi kazini. Na Jumamosi nyingine yeye Lathika angechelewa tena, kwa mitihani au kwa basi, na mwanamke mwenye haraka ya kitabu angepenya kwenye ule uzio. Alikuwa ameapa kutosema. Sasa kutosema tu kulitosha kumfichua.

Akafunga mdomo.

Pramod alipakua. Chumvi, achari, tangawizi. Vilasini alikula vizuri kuliko siku zote, vidole vyake vikienda na kurudi bila kusita, akiisifu avial yake mwenyewe. "Wewe Pramod, mkono wako wa kupakua ni wa bahili. Ongeza hapo. Unadhani nazi ni ya kwako?" Pramod akacheka, akainama kuongeza. Lathika hakuhisi ladha ya kitu chochote. Aliyatazama makunjo ya jani lile, ncha yake nyembamba ikimwelekea yeye mwenyewe, karibu imguse goti.

Mara kijiko cha Pramod kikasimama hewani.

"Jamani," alisema, bado anatabasamu. "Mama, jani lako nimeligeuza. Umekula nusu karamu kwenye jani la kinyume na hukuniita punda."

Vilasini aliacha kutafuna. Mkono wake wa kushoto uliondoka pajani, polepole, ukapapasa ukingo wa jani hadi ulipofika kwenye ncha.

"Ni sikukuu," alisema. "Nimeamua kuwa na adabu."

Tabasamu la Pramod likawa linamtoka kidogo kidogo. Aliweka bakuli chini. Alichuchumaa mbele ya mama yake, karibu kabisa, akainua kiganja mbele ya uso wake. Hakukipunga. Alikiacha tu pale, na mama akaendelea kutazama mbele, kupitia katikati ya vidole vya mwanawe, kwa uso wa mtu anayesubiri kujibiwa.

"Lathika," Pramod alisema bila kugeuka. "Wewe umekaa hapo hapo. Jani hukuliona?"

Nje majirani walikuwa wakicheka na watoto. Lathika alisikia mama yake mdogo akivuta pumzi na kuishikilia.

"Niliona," alisema.

Vilasini akalikunja jani, chakula kikiwa bado juu yake, akanawa mikono kwenye bakuli. Hakulia. Aliuliza tu kama payasam imefunikwa, maana nzi.

Hapakuwa na ugomvi. Pramod aliongeza likizo, akampata dalali, akafunga masanduku. Lathika alikuja kusaidia na mama yake mdogo alimwelekeza vyombo vipi apewe nani, kwa upole, kama anavyoelekezwa mgeni. Kwa Chami alipelekwa kuaga na mwanawe. Chami alikaanga bagia mpya akakataa malipo, na alipomwona Lathika nyuma yao akajifanya anachochea moto.

Tangu aende Chennai, Lathika hupiga simu kila Jumamosi. Pramod hupokea. Mama amelala, husema, au mama anaoga. Mama amesema anakusalimu. Huyo ndiye mwanamke aliyeunganisha simu za mji mzima.

Siku ile ya kuondoka, kituoni, treni ilikuwa imechelewa. Pramod alikwenda kununua maji. Lathika alikaa kando ya Vilasini kwenye benchi, na kwa kuwa hakuwa na muda mwingi aliisema yote kwa mara moja, vibaya, bila mpangilio: ule uzio, kile kiatu, usiku wake wa Palakkad bila usingizi, jinsi neno lilivyokuwa mdomoni na likakataa kutoka.

"Niliogopa, mama mdogo. Niliiogopa treni."

Vilasini aliweka sawa ukingo wa sari yake begani. Reli zilianza kulia, mbali, na safari hii alikuwa wa kwanza kusimama.

"Hata mimi niliiogopa, mwanangu," alisema. "Lakini woga ule ulikuwa wangu."