Bibi Ashuke Kabezi

Wiki hii, kwenye foleni ya tiketi za basi hapa Rumonge, mume na mke waliokuwa mbele yangu walipanga Jumapili ya kwenda bustani ya michezo Bujumbura. Mama ya mume alikaa kwenye benchi kando yao.

"Watoto watapanda bembea," mume alisema. "Mimi na wewe, brosheti za nyama kivulini. Mama tunamushusha njiani, Kabezi, kwa shangazi."

Mke akacheka. "Shangazi atuone? Atachinja kuku, na watoto hawatafika kwenye bembea."

"Basi mama ashuke peke yake. Sisi tutainama chini ya madirisha."

Bibi akakohoa pale kwenye benchi. "Nani amewaambia ninamutaka wifi? Ile bembea inabeba watu wakubwa?"

"Inabeba, mama," akajibu muuza tiketi.

"Basi unikatie ya kufika Bujumbura. Na tukipita Kabezi, mimi ndiye nitainama wa kwanza."

Foleni nzima ilicheka. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa sababu safari zetu pia tunazipanga hivyohivyo, bila kuwauliza wazee. Jioni nilimwuliza mama mkwe wangu kama anapenda bembea. Alitazama mlangoni kwanza kama kuna anayesikia, kisha akauliza tunaondoka lini.