Usukani wa Siku ya Koito

Mimi ni mwalimu, na sipendi kufundishwa. Ndiyo maana fundi wetu wa Sosiot aliponiomba, Ijumaa ile, nimwachie gari alitazame chini, nilimkatiza.

Gari lilikuwa limeingia shimo karibu na kituo cha kupimia majani chai. Tangu hapo, ili liende moja kwa moja, ilinibidi nishike usukani ukiwa umeinama kushoto, kama mtu anayekata kona. Na kesho yake nilikuwa nawapeleka mama na baba zangu wadogo wawili hadi Sigor kwenye koito, kumposea mwanangu mke.

Wazee wa rika lao hawana mchezo na dalili. Ndege akilia upande mbaya, safari inageuzwa. Tulikuwa tumeshaahirisha mara mbili, na wakwe walianza kununa. Mama akiketi mbele na kuona usukani uliopinda, nilijua tungerudi nyumbani kabla ya kufika Litein.

"Wewe ng'oa tu usukani, uurudishe ukiwa umenyooka," nilimwambia fundi.

"Mwalimu, stering haijipindi yenyewe," alisema. Ni mtu wa kutoka ziwani, aliyezeekea kwenye karakana ya kiwanda cha chai. "Hiyo ni kuficha ugonjwa. Wacha niingie chini dakika kumi tu."

"Nimesema nyoosha."

Akafungua nati, akauvuta usukani, akausogeza meno mawili kwenye mhimili wake, akafunga. Ukakaa wima, nami nikajiona mjanja.

Jumamosi tulipanda na kushuka vilima vyote hadi Sigor. Mama alikaa mbele kwa utulivu. Tukapokelewa vizuri, mahari ikakubaliwa, tukarudi tukiimba.

Jumatatu nilimpelekea fundi gari, maana Ijumaa alikuwa ameniapisha nilirudishe alitazame. Aliinua gurudumu la kushoto kwa jeki, akalishika kwa mikono miwili na kulitikisa. Likacheza. Akaingia chini, akaniita nami niingie, tai yangu ya shule ikiwa shingoni. Alinionyesha tairod, kile chuma kinachopeleka amri ya usukani kwenye gurudumu. Akashika kiungo cha mwisho kwa vidole viwili, akakivuta. Kikatoka.

Hakutumia nyundo wala spana, ni vidole viwili. Niliukumbuka mteremko mmoja niliouteremka kwa kasi, chai pande zote mbili, na mama akiniambia nipunguze mwendo apate kutazama ng'ombe wa watu.

Fundi hakunisuta, na hilo liliniuma zaidi. Aliweka kiungo kipya, akaurudisha usukani kwenye meno yake ya kwanza, kisha akavuta kamba kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, kila upande, akapima na kurekebisha hadi usukani na magurudumu vikapatana. Safari hii ulinyooka kwa haki.

Jioni nilimweleza mama kila kitu. Nilitaraji anigombeze. Aliendelea kuchambua mboga za managu, macho yake kwenye ungo.

"Niliuona usukani umepinda Alhamisi ulipoleta maziwa," alisema. "Nikaamua siendi Sigor. Jumamosi nikauona umenyooka. Nikasema, mwanangu ametengeneza gari. Nikapanda."